Milango Yote Inafunguka

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari. Mvua ya dhoruba ilikuwa ikiipiga Aleksandria tangu alfajiri, na hewa ndani ya kibanda ilijaa unyevu kiasi kwamba shati lililokwisha pigwa pasi lililegea kola kabla halijakunjwa. Bahgat alilirudia. Kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwisho. Alipomaliza alivifunika vifurushi kwa nailoni, akavitia begani, akaanza kupanda ngazi za watu.

Ndiyo kazi yake kwa miaka thelathini, kupiga pasi na kupeleka nguo mlangoni. Mwenye nyumba hufungua, hupokea, husema, "Karibu ndani, Ami Bahgat." Naye hujibu, "Mungu akuzidishie," na kugeuka. Mlango hufungwa. Ngazi za mtaa mzima alizijua, ipi imemong'onyoka, ipi inanuka vitunguu vya kukaanga. Vyumba hakuvijua.

Siku hiyo mawazo yake hayakuwa kwenye nguo. Jioni, katika darasa la kutengeneza michezo ya kompyuta, wenzake wangeucheza mchezo wake kwa mara ya kwanza. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa amekata shauri peke yake juu ya mkeka: mtu mmoja tu akiingia chumba cha mwisho, ataendelea na masomo. Asipoingia hata mmoja, kompyuta itarudi kwa mpwa wake, na yeye atarudi kusikiliza redio yake jioni. Kisha akamwomba Mungu amletee huyo mmoja.

Mchezo wenyewe ulitokana na Insaf, mkewe, aliyefariki miaka minne nyuma. Bahgat aliipenda michezo ya video tangu ujana, ila hakuicheza kama watu. Katika mbio za magari wengine walikimbilia ushindi. Yeye aligeuza gari akarudi kinyume, aone mchoraji ameweka nini nyuma ya vilima. Insaf hakuwahi kugusa kitufe. Alikaa kando yake na sinia la mchele mapajani, akichambua na kumtuma: hebu pita kule, hebu gonga ule mlango. Mara nyingi mlango ulikuwa rangi tu ukutani, na Insaf alikasirika kana kwamba amefungiwa yeye.

"Mlango usiofunguka," alikuwa akiuliza, "waliuchora wa nini?"

Kwa hiyo katika mchezo wa Bahgat milango yote ilifunguka. Hapakuwa na adui, wala saa, wala alama za kushindania. Mchezaji alibeba nguo, akapanda ngazi, akagonga. Maelekezo hakuyataka. Mchezo unaokueleza kila kitu, aliona, ni sawa na mteja anayekusimamia begani ukimpigia suruali yake pasi. Aliwasha taa chini ya kila mlango, basi. Mwenye macho angeifuata. Na juu kabisa alijenga chumba cha Insaf. Mle ndani kila ulichogusa kiligeuka upendavyo: pazia likawa tanga, sinia likawa mwezi, na mwanamke aliyekaa kitini akakutuma ujaribu kingine. Chumba hicho kilimla miezi mitano. Darasani hakumwambia mtu kilichomo.

Jioni wanafunzi waliingia wakikung'uta makoti. Mwalimu Dalia, msichana ambaye angeweza kuwa binti yake, aliwasha mashine, na Karam, fundi simu asiyeisha maneno, akawahi kiti cha mbele. Bahgat alisimama nyuma yake, mikono mifukoni.

Karam alipanda hadi mlango wa kwanza, akagonga. Mzee akafungua na maneno yakatokea: Karibu ndani. Chini yake vitufe viwili, kuingia au kushukuru. Karam alishukuru. Mlango ukafungwa, taa ikazimika. Mlango wa pili, vilevile. Karam alifika juu, mlango wa Insaf ukafunguka, mwanga wa manjano ukamwagika ngazini. Karibu ndani. Karam alishukuru.

Giza. Mfuko mtupu. Mwisho.

"Ami, umetupandisha ngazi tu," Karam alisema. "Goti linaniuma na nimekaa kitini."

Watu walicheka. Mama Suheir, muuguzi mstaafu, alimsukuma kijana pembeni akacheza yeye, taratibu, akizisifu nguo zilivyokunjwa. Akashukuru kila mlango. Mwalimu Dalia naye akajaribu, naye akashukuru. Alisema ngazi ni nzuri sana, lakini mchezo unamwacha mtu mpweke, na kama ndilo kusudi basi umefaulu.

Bahgat aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuna aliyeingia.

Karam, aliyekwisha kurudi kwenye kiti cha mbele, alimgeukia kwa mshangao wa kweli. "Niingie vipi, Ami? Kaniita mara moja. Mama yangu angesikia nimeingia nyumba ya mtu kwa kuitwa mara moja, ningelala nje."

Wote walikubali kwa vichwa. Kila mtoto wa mji ule alilelewa hivyo: wito wa kwanza ni adabu, wa pili ni wema, wa tatu chai iko mezani. Bahgat naye alilelewa hivyo. Lakini aliuandika wito kama alivyousikia kila siku kwa miaka thelathini, mara moja, mlango ukiwa tayari unarudi. Wito wa pili na wa tatu ni wa wageni. Yeye alikuwa mleta nguo.

Mvua ilikuwa ikigonga vioo. Mama Suheir alikuwa bado akiutazama mlango wa juu, uliozimika.

"Kwani mle ndani kuna nani?" aliuliza.

Bahgat alitoa mikono mifukoni. Jina lile hakuwa amelitamka mbele ya mtu tangu siku za matanga.

"Mke wangu," alisema. "Insaf."

Karam aliondoa vidole vyake kwenye vitufe, polepole, akasimama kumpisha kiti. Bahgat hakukaa. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mlangoni waliisikia:

"Jumanne ijayo, Mungu akipenda, mlango utawaita mara tatu. Ya tatu, jamani, msinikatalie."