Delbert Haugen Aja Kupiga Kura

Siku ya kumchagua seneta, Verna Haugen alifungua chumba cha chini cha kanisa la Walutheri asubuhi na mapema, akawasha jiko, akateleka birika la kahawa na kuliweka sanduku la kura mezani. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo cha Nordby, kijiji cha wakulima huko Iowa. Watu waliingia wachache wachache wakiwa na matope ya shambani viatuni. Mahindi yalikuwa bado hayajavunwa, maana mikono ya kuyavuna ilikuwa vitani.

Karibu na adhuhuri aliingia mwanawe, Delbert, aliyekuwa ameuawa mwezi Juni kwenye ufuo wa Ufaransa. Alivaa sare zake, na maji ya chumvi yalimchuruzika mpaka sakafuni. Akapanga foleni nyuma ya Bibi Olsgaard, ambaye alimwuliza huko aliko chakula kikoje. Akasema si haba.

"Pangusa miguu, baba," Verna alimwambia. Alimwona amekonda. Alitamani kumkumbatia, lakini msimamizi hawakumbatii wapiga kura akiwa kazini.

Delbert alisema amekuja kupiga kura. Mgombea mmoja alitaka vita viendelee mpaka adui apige magoti, mwingine alitaka vijana warudishwe upesi, na Delbert alikuwa na neno juu ya hilo.

Mzee Clarence Rust, wakala wa chama, akakohoa. Ndiye aliyemfundisha Delbert kuogelea mtoni.

"Mama Delbert, mimi simkatai kwa sababu amekufa," alisema akiitazama kofia yake. "Huko mjini marehemu wanapiga kura tangu enzi za babu yangu. Lakini huyu ana miaka kumi na tisa. Sheria inataka ishirini na mmoja."



"Kunipeleka vitani walinichukua nikiwa na kumi na minane," Delbert alisema, bila hasira. "Haya, mama, ishirini na mmoja nitatimiza lini?"

Verna aliifungua sheria, akaisoma yote kwa makini. Haikusema lolote kuhusu hilo.

"Hutatimiza, mwanangu," akamjibu.

Akampa kiti karibu na jiko. Kina mama wakamletea pai ya tufaha, Clarence akamvika koti lake, na Delbert akashinda hapo akimtania mzee huyo kwamba tumbo lake limemeza mgao wa sukari wa wilaya nzima. Jioni alikwenda shambani na baba yake, wakavuna mistari kadhaa pamoja, kisha akaaga. Wenzake walikuwa wanamngoja.

Alishinda yule aliyetaka vita viendelee. Redioni aliwashukuru vijana walioko vitani, akisema ushindi ule ulikuwa sauti yao. Verna alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

Uchaguzi uliofuata, vita vikiwa vimekwisha, Delbert alirudi, safari hii pamoja na kijana wa Bibi Olsgaard na wengine wa vijiji vya jirani, wote wamelowa chapachapa. Walijipanga kwa adabu. Verna akamwuliza kila mmoja umri wake, kama sheria inavyotaka, na kila mmoja akamjibu ukweli. Clarence alikuwa ameshakwenda ghalani kuleta viti.