Amri Iliyowekwa Kichwani

Amri ya mfalme ilisema nyumba zote za mbao zilizo karibu na ngome zibomolewe. Zilikuwa arobaini na tatu, na mvua kubwa zilikuwa zinakaribia.

Don Evaristo Lazcano, aliyekaa miaka thelathini kwenye meli za vita na miezi miwili tu kwenye ugavana, aliisoma barazani kwa sauti iliyozoea kushindana na mawimbi. Kisha akaona ajabu. Wajumbe walisimama mmoja mmoja, wakaibusu barua, wakaiweka kichwani, wakasema: "Tunaitii, lakini haitekelezwi." Halafu wakaanza kuulizana habari za chakula.

Akamvuta kando karani wa baraza, mzee Anselmo.

"Hebu nieleze. Huu ni uasi au wehu?"

"Wala, Mheshimiwa. Ndiyo desturi. Mfalme yuko mbali, hawezi kujua yote. Kichwani tunamheshimu, mezani tunamwandikia kwa nini amri haifai. Sheria yake mwenyewe inaruhusu."

"Na jibu?"

"Huchukua mwaka hivi. Mara nyingi anaghairi."

"Melini, mtu akiniambia anatii halafu hafanyi, namfunga mlingotini."

"Ndiyo maana sisi hatukai melini."

Don Evaristo alicheka, lakini jambo lile likawa linamwasha. Alasiri akashuka mwenyewe kwenye zile nyumba, akiulizauliza kama mtoto. Nani anakaa hapa? Anafanya kazi gani?

"Wapiga mizinga wako, Nahodha," alijibu Nicolasa, mfua nguo, mapovu mpaka viwikoni. "Mume wangu yumo. Kengele ikilia, wanafika ngomeni hujavaa hata buti. Tubomolee, tutahamia milimani, na mizinga utaipiga wewe."

"Mama, una mdomo!"

"Na wewe una masikio. Yatumie."

Siku tatu aliitazama barua ile. Mara moja, peke yake, aliinyanyua mpaka usawa wa paji la uso, aone mtu anajisikiaje. Mkono ukagoma. Tangu utoto hakuwahi kupewa amri asiitekeleze. Jumatatu askari walishuka na mashoka.

Wiki ya saba meli ilileta barua nyingine ya mfalme, aliyoiandika bila kuombwa na mtu, ikifuta ile ya kwanza.

Nyumba arobaini na tatu. Wapiga mizinga ishirini na sita walihamia milimani, wakarudi wanne. Watoto watatu walikufa kwa homa ya kunyeshewa, mmoja wao wa Nicolasa, msichana wa miaka miwili.