Mwisho Wetu Kwenye Gogo

Shati la kazi alilijaribia chumbani kwa mama yake mdogo, mbele ya kipande cha kioo kilichoegemezwa kwenye cherehani. Lilikuwa la kijani, mifuko minne, na ndani ya mfuko wa kushoto kulikuwa na kijifuko chembamba cha penseli, maana mama mdogo alisema mtu anayetembeza wageni bila kuandika alichokiona ni mzururaji tu.

"Geuka," alisema yule mama, pini mdomoni. "Geuka tena. Haya, Kijiti, leo angalau umenenepa kwa vifungo."

Kijiti ndilo jina alilopewa nyumbani kwa ajili ya wembamba wake. Alikuwa ameacha kuuza vocha za simu, akasomea kuongoza watalii, na sasa hifadhi ya msitu iliyokuwa nusu saa kwa miguu kutoka pale ilikuwa imemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Wakimpenda, watambakiza.

Mama mdogo akatoa pini mdomoni. "Na unisalimie shemeji."

Shemeji alikuwa hondohondo. Zamani, alipokuwa akienda msituni kuokota kuni kavu, mama mdogo alimwona ndege yule kwenye mti mmoja wenye tundu, na kwa miaka kumi na mmoja hakuacha kumwangalia. Kila msimu jike huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupenya ncha ya mdomo tu. Dume hushinda akileta matunda, awalishe mkewe na kinda.

"Huyo ndiye mume," mama mdogo hupenda kusema. "Wangu mimi alitoka kununua chumvi, mpaka leo nakula chapwa."

Tangu avunjike nyonga hakwenda tena msituni. Alikaa dirishani na cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, akingoja kitu kimoja kwa mwaka: siku hondohondo watakapopita juu ya paa, wakubwa wawili na mtoto wao.

Mti wenyewe alimwelekeza Kijiti peke yake. "Unaishia kwenye gogo lililoanguka. Usilivuke. Akiona mtu chini ya mti hashuki kulisha, na yule aliye ndani atafanya nini?"

"Nimesikia, mama."

"Usisikie kwa masikio tu. Sikia na kwa miguu."

Mkuu wa waongozaji aliitwa Kobe kwa mwendo wake. Alimfundisha Kijiti kunusa kinyesi kibichi na kikavu, kusimama upepo ukimpiga usoni, kunyamaza. Lakini wageni wa Kijiti walikuwa na haraka. Katika kitabu cha wageni mmoja aliandika: *Dada mchangamfu, ila tumeona majani.*

"Si majani nayo yapo msituni?" Kobe akacheka. "Ulitaka waone makabati?"

Kijiti hakucheka. Miezi miwili ilikuwa imekwisha, na kila ukurasa ulisema majani.

Ndipo wakaja wageni sita wenye kamera ndefu kama michi. Aliwapeleka mpaka kwenye gogo, akawaonyesha tundu kwa kidole. Mwanamke mmoja akalalamika kwamba tawi linamziba. "Tusogee kidogo tu, dada. Dakika mbili."

Kijiti akatazama gogo. Lilikuwa na uyoga mweupe ubavuni, mdogo kama vifungo vya shati lake. Akalivuka.

Walikaa chini ya mti zaidi ya saa nzima. Dume alikuja na tunda jekundu mdomoni, akatua mti wa pili, akainamisha kichwa kuwatazama, akaondoka nalo. Akarudi, akaondoka tena. Kule juu, ncha ya mdomo ilitokeza ufani, ikafunguka, ikajifumba. Kamera zikalia kwa furaha.

Walimwandikia ukurasa mzima. Kobe aliusoma polepole. "Mlisimama wapi?"

"Kwenye gogo, mzee."

Habari za tundu zikaenea, na kila kundi likamtaka Kijiti. Aliwapeleka mara nne zaidi. Akapewa barua ya ajira, na mama mdogo akamshonea shati la pili.

"Shemeji hajambo?" huuliza kila jioni.

"Hajambo, mama. Anabeba tu."

Siku aliposema hivyo kwa mara ya mwisho alikuwa ametoka kuokota vipande vya udongo mkavu chini ya mti. Ukuta wa mlango ulikuwa umevunjwa kutoka ndani. Jike alikuwa ametoka kujitafutia mwenyewe. Kinda hakusikika. Mbegu zilizotapakaa pale zilikuwa za zamani, zimekauka; hakuna tunda lililoletwa kwa siku nyingi. Alikaa juu ya gogo akitamani miguu yake irudi nyuma, ile hatua moja tu.

Wiki tatu baadaye, mchana, walikuwa pamoja dirishani wakikata kola, mvumo wa mabawa ukasikika. Mama mdogo akaacha mkono juu ya gurudumu, akanyanyua uso.

"Mmoja," akasema. "Wawili."

Akaendelea kutazama. Mbingu ilikuwa tupu, na bado aliitazama, mpaka shingo ikamchoka.

"Kijiti. Ulisimama wapi?"

"Chini ya mti, mama. Nilitaka wanichukue. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kazi ulikuwa unaitaka kweli." Akazungusha gurudumu, lakini hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Asubuhi iliyofuata Kijiti alimweleza Kobe yote. Kobe akampa kopo la rangi na brashi, akachore mstari mweupe kwenye gogo. Hapo ndipo anapowasimamisha wageni mpaka leo. "Mwisho wetu hapa," huwaambia. Wakinung'unika, huwaonyesha uyoga. Kitabu kimerudia majani yake.

Jioni huvua viatu mlangoni polepole, akisubiri kuulizwa. Mama mdogo humwuliza kama amekula, kama shati limechanika, kama mvua imemkuta njiani. Habari za shemeji hamwulizi tena.