Ndoo Chini ya Gitaa

Nilisikia saluni kwamba karakana ya fundi vitanda imeteketea na hakuna aliyewasha hata kiberiti. Mmoja akasema ni mkono wa mtu. Mwingine akasema, "Mkono wa mtu wapi! Ni matambara ya mafuta, yanajiwasha yenyewe." Wakacheka. Mimi sikucheka, maana binti yangu alikuwa anatengeneza gitaa chumba cha nyuma, na mwanawe mchanga hulala upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Nilipofika nyumbani nilimkuta binti kashapiga msasa, na rangi ya kahawia aliyopaka jana imekauka. Sasa anasugua mafuta ya kitani, yale mafundi wanayong'arishia mbao, taratibu kama anampaka mtoto aliyetoka kuoga.

"Mwanangu, hayo matambara yanajiwasha."

"Nani kakwambia? Saluni?"

"Saluni, ndiyo."

"Saluni hiyohiyo iliyosema nina mimba ya mapacha? Nikazaa wangapi, mama?"

"Mmoja."

"Haya, Bibi Zimamoto."

Sikukubali, nikabaki namtazama. Alipomaliza akayakunja matambara, akayashindilia kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia ili mafuta yasikauke, ayatumie tena kwenye mkono wa pili wa kupaka. Akaisukuma chini ya gitaa lililoning'inia, akamlaza mtoto, akaenda uani kufua.

Nikakaa kukata vitunguu. Saa zikapita, roho haitulii. Mwisho nikasema, na wanicheke mpaka wachoke, naenda kuangalia.

Nikatia mkono kwenye ndoo, nikautoa mbio. Katikati palikuwa pa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na harufu ya kuungua. Nikaibeba ndoo mpaka uani, nikaimwaga mchangani. Bonge lilipofunguka moshi ukapanda. Tambara la ndani lilishakuwa jeusi.

Binti akaja na povu mikononi. "Mama, umewasha moto?"

"Niwashe na nini? Kitunguu?"

Alikimbia kumtoa mtoto kwanza. Aliporudi naye begani, macho yalikuwa mekundu.

"Gitaa nitaliacha, mama."

"Huliachi. Leta hapa nje, umalizie. Mimi namshika mtoto."

Akapaka mkono wa pili palepale uani, midomo kaibana. Kila tambara tukalitandaza peke yake kwenye kamba. Gitaa sasa lina nyuzi na linapigwa.

Nawaandikia nyinyi mnaokaa na mafundi nyumbani. Epukeni haya:

Msikunje wala kushindilia matambara yenye mafuta ya kitani.

Msiyafunike kwenye ndoo, gunia wala mfuko.

Msiyatupe kwenye taka kabla hayajakauka kabisa. Tandazeni nje, moja moja, mbali na ukuta.

Msinyunyize maji kidogo mkaondoka. Kama ni maji, matambara yazame yote.

Msipake karibu na anapolala mtoto.