Mvua ya Siku Kumi na Moja

Siku sheria ile ilipotangazwa, Elina alikuwa kwenye benchi la wodi ya wanaume pale Tukuyu, anammenyea mumewe chungwa. Habari ilitoka kwenye redio ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Miaka hiyo serikali ilikuwa inapunguza watu kama mtu anavyopunguza majani ya mgomba: leo karani, kesho dereva, keshokutwa bwana shamba. Sasa redio ikasema Bunge limepitisha kwamba watumishi wa utafiti, wale wanaopima hewa, udongo na maji, wasipunguzwe ovyo. Kitabu cha vipimo cha kila mmoja kitakaguliwa kwanza. Kikikutwa hakikukatika mwaka mzima, mwenye nacho haguswi.

Wodi nzima ikampongeza mumewe, Ambindwile. Miaka ishirini na miwili alikuwa anapima mvua ya kijijini kwao Kyimo, kila siku saa tatu asubuhi, kwenye kopo la shaba lililosimama uani kwake ndani ya uzio wa waya. Watu walizoea kumtania kwamba serikali inamlipa kwa jambo ambalo Kyimo hata kipofu analijua, kwamba mvua inanyesha, naye hucheka nao. Siku hiyo hakucheka. Aligeukia ukutani, kifua kinakoroma, na Elina akaelewa. Walikuwa wamelala hospitali siku ya tisa. Kitabu kilikuwa nyumbani ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwa mgonjwa.

Siku ya kumi na moja wakaruhusiwa. Nyumbani walikuta uwanja umefagiwa na ndizi ziko motoni. Sekela, mke wa mtoto wao Jairo, alipoiona kofia ya baba mkwe pale kwenye kona, alijifunika khanga akapotelea migombani. Ndivyo walivyoishi kwa mila. Mkamwana hakai mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, wala hamtaji jina. Akiwa na neno, atampa mama mkwe alipeleke. Wengine walikuwa wameanza kuilegeza mila hiyo, lakini Sekela, miaka sita ndani ya boma lile, hakuwahi kuivunja hata mara moja.

Ambindwile alifungua kitabu akaitazama mistari kumi na mmoja mitupu. Mzee Obed wa kanisani, aliyekuja kumpa pole, akamshauri ajaze tu, milimita kumi hapa, ishirini pale, nani atauliza mvua ya juzi.

"Mvua ambayo sikuipima siijui," Ambindwile akasema, akafunga kitabu.

Elina hakubishana naye. Alimjua. Lakini usingizi ulimpaa, maana ada ya wajukuu na dawa ya kifua vilitegemea mistari ile, na mkaguzi kutoka Mbeya, Bibi Pudensiana, alikuwa anakuja Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Elina akachukua kitambaa chenye maji asafishe jikoni, mgeni asije akakuta masizi. Nyuma ya mlango kulikuwa na tarakimu za mkaa. Tangu warudi alikuwa anaziona, akidhani ni hesabu ya maziwa ambayo Sekela huwauzia walimu. Akainua kitambaa. Sekela akamshika mkono.

"Mama, usifute. Ni mvua ya baba."

"Mvua gani?"

"Ya siku mlizokuwa hospitali. Nilidhani umeshaiona, ukampelekea."

"Na mimi nilidhani ni maziwa." Elina akakaa juu ya kigoda, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa kilekile, akatoka na masizi usoni.

Bibi Pudensiana alikuwa mtu wa taratibu. Alizisoma kwa sauti tarakimu za mlangoni, akasema ni vizuri, ila sheria inataka ijulikane kama aliyepima alijua kupima, na mwenye kitabu aridhike. Basi Ambindwile akaweka kiti nje, mgongo wake kwenye ukuta wa mianzi wa jiko. Sekela akabaki ndani. Elina akasimama mlangoni, katikati yao, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Muulize," Ambindwile akasema, "maji kwenye bilauri ya kupimia hupanda pembeni na kubonyea katikati. Alisoma wapi?"

Elina akauliza.

"Katikati, mama. Kila asubuhi baba hujisemea, 'Bondeni, si mlimani.' Miaka sita namsikia nikiwa migombani."

Ambindwile akauliza tena. "Muulize, tarehe tisa mbona ameandika sifuri?"

"Haikunyesha, mama. Nilikwenda saa tatu vilevile, nikakuta kopo kavu."

Bibi Pudensiana akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Alisema mtu wa kubuni hawezi kuandika sifuri Kyimo mwezi wa nne. Akamwomba Ambindwile kitabu, akanakili tarakimu zote kumi na moja, akaandika pembeni jina la Sekela na kazi aliyoifanya, akatia sahihi. Kitabu hakikukatika. Kisha akala ndizi, akaongezwa, akala tena.

Gari lilipoondoka, Ambindwile alikuwa bado ameegemea ukuta wa jiko. Akasema, "Mama Jairo, mwambie ndaga."

"Amesikia."

"Mwambie hivyohivyo."

Elina akaingia jikoni akamfikishia asante hiyo.

Kesho yake mvua ilikuwa nzito na kifua kilikuwa bado kinauma. Saa tatu ilipofika Ambindwile hakutoka. Alimwambia mkewe aipeleke bilauri jikoni, akakaa kitandani na kitabu magotini, dirisha wazi. Elina akasikia miguu ya mkamwana kwenye tope, waya wa uzio, kisha kimya cha mtu anayesoma. Halafu sauti, ikisemwa kuelekea migombani, si kwa mtu yeyote:

"Bondeni, si mlimani. Thelathini na nne."

Ambindwile akaandika.