Kanawe Mikono, Urudi

Kwenye mlango wa chumba cha kufulia cha hospitali yetu kuna mashine ndogo ukutani. Unaweka kidole, inalia, imekujua. Isipolia, wewe hukuja kazini, hata kama umesimama hapo na mzigo wa mashuka ya wagonjwa begani.

Mimi ndiye mwangalizi wake. Shule niliishia njiani, lakini kompyuta zilipoingia hapa, nikiwa mfagiaji, zilinipanda kichwani kweli kweli. Nilikuwa nachelewa kurudi nyumbani kwa kumtazama fundi akizifungua. Nikanunua moja kuukuu, nikaiweka sebuleni, mke wangu akaishonea kitambaa cha kuifunika. Majirani wakaniita Profesa. Wakubwa walipoleta hii ya vidole, nilisimama mbele ya wafanyakazi nikatangaza kwamba haina upendeleo na haikosei. Wakubwa wakapiga makofi. Kwa makofi wale hawajambo.

Mke wangu alikuwa mfuaji humo. Walimwachisha kwa utoro, na utoro wenyewe hakuufanya. Akakaa nyumbani akinyong'onyea, halafu kifua kikamchukua. Tangu tumzike, ile kompyuta ya sebuleni sijaiwasha. Na wakubwa nimewalaani mpaka midomo imekauka.

Leo asubuhi nimemkuta shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, mfuaji naye, akibonyeza kidole mlangoni. Taa nyekundu.

"Profesa, huyu mtoto wako hataki kunisalimia."

"Jaribu kingine."

"Vya mikono nimemaliza. Nivue viatu?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alishaambiwa mashine ikimkosa tena asirudi, na wanawe wanamtazama yeye peke yake.

Mdomo ukanitangulia. "Kanawe mikono na sabuni, urudi."

Akanyoosha viganja vyote viwili mpaka chini ya pua yangu. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zinateleza, hazina mstari hata mmoja. Dawa ya kufulia ilikuwa imekula yote. Nilivijua vidole vile. Vya mke wangu ndivyo vilivyokuwa, vikinisogezea chai, mimi macho kwenye kioo cha kompyuta.

Nikaenda kwa mkuu wa wafanyakazi.

"Mkuu, mashine haiwasomi wafuaji. Dawa imewamaliza vidole."

"Mashine haikosei," akasema, macho kwenye simu yake. "Maneno ya nani hayo?"

"Yangu."

"Sasa?"

Wafuaji waliomba glavu miaka nenda rudi, ofisi hii hii ikawaambia bajeti haitoshi. Hilo ni kosa la wakubwa, siwafutii. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikiwa nimesimama pale, nikaona nikilianza hilo nitatoka humo msafi, na shemeji atatoka bila kazi.

"Sasa nilikosea, mkuu. Waambie wote kwamba Profesa alikosea. Wafuaji waitwe kwa majina mlangoni, kama zamani."

Akaweka simu chini. Nadhani alipenda kupata mtu wa kumbebesha.

"Mwangalizi aliyekosea hawezi kubaki mwangalizi."

"Fagio bado nalijua."

Niliporudi, msimamizi alikuwa akiita majina kwa sauti ya kukereka. Shemeji akaitika, akaanza kusukuma kitoroli chake cha mashuka. Nikamfuata pembeni, nikitaka, sitaficha, neno moja tamu.

"Yamekwisha, shemeji."

"Ahsante, shemeji." Akasimama. "Dada naye ilikuwa haimsomi. Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Ulimwambiaje?"

Nikavitazama vidole vyake kwenye kitoroli. Jibu langu alikuwa amekwisha kulisikia asubuhi ile ile, mbele ya wenzake wote. Akanitazama kidogo, akaegemea kitoroli, akaingia nacho kwenye mvuke.