Marafiki wa Mzee Clifford

Mzee Clifford alipofariki, kazi ya kuwapasha habari marafiki zake ilimwangukia Edith, na Edith hakuwa amewahi kumwona hata mmoja wao.

Alikuwa muuguzi wake. Mwanamke wa makamo kutoka Vihiga, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini, aliyekuja Maskati kufanya kazi hospitalini na mwishowe akaajiriwa kumtunza Mwingereza mmoja mzee katika nyumba ya ghorofa kule Khuwair ya Kusini. Mzee alikuwa mhandisi wa maji enzi zake. Mkewe alikwisha kufa, binti yake alikuwa Uingereza, na miguu yake ilikuwa imevimba, haimbebi tena. Kila asubuhi Edith aliiweka miguu ile ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na kila asubuhi, miguu ikiwa majini, mzee alisimulia habari za baa.

Haikuwa baa kubwa, alisema. Ilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya hoteli ndogo, karibu na hapo hapo, chenye mbao nyeusi ukutani na dari ya kufikia kwa mkono. Bia yake haikutoka kwenye chupa wala haikuwa baridi ya kuumiza meno. Ilikuwa ale ya kweli, bia ya kwao Uingereza inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa lake mpaka siku ya kunywewa, na mhudumu huivuta taratibu kwa mpini mrefu wa mbao. Hapo ndipo walipokutana: yeye, nahodha mstaafu aliyeitwa Kepteni tu, Mskoti mmoja mnene aliyecheka mpaka akatokwa na machozi, na mwalimu wa Kiairishi aliyeimba akilewa, na asipolewa pia aliimba. Walirusha vishale kwenye ubao, wakabishana, wakanuniana, wakapatana kabla ya kufungwa milango.

"Wananiulizia hao," mzee alikuwa akisema. "Wanashangaa nimepotelea wapi."

"Si uwapigie simu?" Edith alimwambia siku moja.

"Watu wa baa hawapigiwi simu, Edith. Unaenda, unawakuta."

Edith alicheka, lakini moyoni alimwonea wivu. Yeye alikuwa na watu wa kusalimiana nao kanisani siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya ibada huko, na wasichana wawili aliopanga nao chumba Wadi Kabir, ambao zamu zao na zake hazikupatana kamwe. Mtu wa kushangaa kapotelea wapi, huyo hakuwa naye.

Mzee alikufa alasiri moja, usingizini, redio ikiwa inaongea. Binti yake akaja, mwili ukasafirishwa kwao, na nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe. Siku ya kuondoka, yule binti alimshika Edith mikono yote miwili pale mlangoni.

"Kila nikimpigia baba alikuwa akinisimulia rafiki zake wa baa," alisema. "Sina namba ya hata mmoja. Tafadhali, nenda ukawaambie wewe. Wasije wakasikia njiani kwa watu."

Edith akakubali. Angekataaje?

Jumamosi alivaa gauni lake la bluu la kanisani akatoka. Jua lilikuwa bado kali, na barabara haikuwa na mtu anayetembea kwa miguu ila yeye. Tangu aokoke hakuwa ameingia baa, na hata kabla ya hapo alizoea kupita mbali nazo. Hoteli aliipata upesi. Kuuliza baa ndiko kulikomtia haya, akazunguka mwenyewe, akapita chumba cha kufulia chenye harufu ya sabuni na pasi, mpaka akaona mlango mdogo wenye taa ya manjano juu yake.

Ndani palikuwa na baridi ya kiyoyozi na giza la kupendeza. Mbao nyeusi zilikuwapo, kama alivyosema mzee. Dari ilikuwa chini, zulia jekundu limechakaa njia nzima ya kutoka mlangoni hadi kaunta. Na juu ya kaunta, ile mipini mitatu ya mbao imesimama. Edith aliihesabu mmoja mmoja, kwa sababu mpaka dakika ile hakuwa na uhakika kama baa yenyewe ipo.

Wateja walikuwa watatu. Wahindi wawili walitazama kriketi kwenye televisheni iliyozimwa sauti, na Mzungu mmoja mwenye mvi alikuwa akijaza fumbo la maneno gazetini. Nyuma ya kaunta alisimama msichana mwembamba mwenye nywele za kusuka. Kwenye kifua chake palikuwa na kibandiko cha jina: Jackie.

"Karibu anti," alisema Jackie kwa Kiswahili, kwani sura ya Edith alishaijua ni ya nyumbani. "Unangoja mtu?"

"Natafuta watu. Marafiki wa mzee mmoja anaitwa Clifford. Amefariki, nimetumwa niwaambie."

"Woi, pole." Jackie aliweka kitambaa chini. "Mimi nimeanza hapa juzi tu, siwajui. Jaribu yule pale, yeye hakosi."

Edith alimwendea yule mwenye mvi. Akamweleza kwa Kiingereza, kwa adabu: mzee mrefu, kofia ya ukindu, sikio la kushoto limekatika ncha, hupiga mluzi akifikiri. Yule bwana alivua miwani akawaza kwa dhati. Alikuwa akija pale miaka na miaka, alisema, lakini jina la Clifford hakulijua. Kepteni? Hapana. Mskoti? Waskoti walipita wengi. Akasema samahani sana, akarudi kwenye fumbo lake, ila kalamu haikuandika kitu.

Edith alirudi kaunta akapanda kiti kirefu. Alikuwa amejiandaa kuagiza soda, awape habari wale wazee watatu, wamlilie mtu wao, naye aondoke. Hakujiandaa kwa hili.

"Nikupe nini, anti?"

Edith aliinyooshea kidole mipini. "Ile ambayo haikai baridi."

Jackie alimtazama gauni, akamtazama uso. Akainamisha glasi, akauvuta mpini kwake polepole, akauachia, akauvuta tena. Bia ilitoka na rangi ya chai isiyo na maziwa, na povu jembamba juu. "Hii huwa haina haraka," alisema. "Wakileta pipa, lazima tuliache litulie kwanza. Ukilisukasuka, bia inakataa kunyweka. Wazungu wanasema iko hai."

Edith alionja. Palepale akajiona amesimama nyumbani kwa mama yake, nyuma ya jiko, mama akiwa amekunja mikono anakamua pombe ya busaa kwa kitambaa, mbegu za wimbi zimemea kwenye gunia, unga wa mahindi umekaangwa juu ya bati. Haikuwa ladha ileile. Lakini ule uchachu wa chini kwa chini, ule uvuguvugu wa kitu ambacho bado kinaendelea na shughuli zake, ulikuwa uleule. Mama aliwasomesha watoto wake kwa busaa kabla hajaokoka na yeye. Edith hakuwahi kuinywa zaidi ya ile ya kuonja kama imeiva. Akaweka glasi chini, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono kama mtoto.

"Labda tumuulize Bwana Hatem," Jackie alisema. "Yeye ndiye wa kitambo hapa."

Hatem alikuwa msimamizi wa hoteli, Mwomani wa makamo mwenye kanzu nyeupe isiyo na hata kikunjo, kofia ya kudarizi na miwani iliyoning'inia kifuani. Mama yake alizaliwa Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili hakikukoma. Alipoitwa alifika mpaka mlango wa baa akasimama hapo, mahali alipozoea kusimama.

"Nani anamuulizia Bwana Clifford?"

"Ni mimi, kaka. Nilikuwa namtunza. Amefariki wiki iliyopita."

"Inna lillahi!" Hatem akaingia. "Masikini mzee wa watu. Nnamjua sana, dada. Mimi ndo nliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka kwenye teksi, miguu ilipoanza kumlemea. Pole sana."

Edith alishusha pumzi. "Afadhali nimekupata. Sasa hawa rafiki zake nitawapata wapi?"

"Rafiki gani?"

"Wale aliokuwa akinywa nao. Kepteni. Na yule Mskoti mnene, na mwalimu anayeimba. Wa kurusha vishale."

Hatem akavuta kiti cha meza ndogo iliyokuwa karibu na mlango wa jikoni, meza ya mtu mmoja, akamwashiria akae, naye akavuta kingine.

"Dada, sikiliza. Hapa hapajapatapo kuwa na ubao wa vishale. Bwana Clifford alikuwa akikaa meza hii. Hii hii. Uso kaelekeza mlangoni. Anaagiza glasi moja, anakaa nayo mpaka inakwisha, ananiuliza hali ya mama yangu, anakwenda zake. Miaka yote nliyomjua."

"Na nani?"

"Na hakuna mtu."

"Aliniambia mwenyewe, kaka. Kila siku aliniambia."

"Pengine walikuwapo huko kwao, ujanani mwake. Mimi sijui. Hapa alikuja peke yake."

Kwanza Edith alishikwa na hasira. Asubuhi zote zile, amepiga magoti mbele ya beseni, anacheka, anamwonea wivu, kumbe anasimuliwa hewa. Akataka kunyanyuka aende. Halafu akamwona mzee akiwa kwenye meza hii, kofia ya ukindu juu ya goti, anauangalia mlango. Kila unapofunguka anainua macho. Anaingia mgeni. Anayashusha macho. Hasira ikamtoka, na kilichokuja baada yake kilikuwa kizito kuliko hasira.

Simu ikalia ndani ya mkoba. Alikuwa binti wa mzee.

"Edith, umewaona?"

Edith alimtazama Hatem, ambaye aligeuza uso kando kwa heshima.

"Nimewaona," alisema.

"Walisemaje?"

"Walinyamaza wote. Hakuna aliyegusa glasi yake. Halafu Kepteni akavua kofia." Sauti haikumtetemeka, na hilo lilimshangaza mwenyewe. "Walimpenda sana baba yako."

Upande wa pili yule binti alilia, kilio kifupi cha mtu aliyetua mzigo, akashukuru mara nyingi, akakata.

Hatem alikuwa amesikia. Hakumsifu, hakumlaumu. Akamwomba Jackie amletee kahawa, akakaa vizuri kwenye kiti.

"Basi hebu nsimulie mimi," alisema. "Huyo Mskoti alikuwa akicheka nini?"

Edith akamsimulia. Mskoti aliyekalia kofia ya Kepteni na Kepteni akaitafuta chumba kizima, akiwashuku wageni. Alisimulia vibaya mwanzoni, kisha maneno ya mzee yakamjia yenyewe, na ule mluzi wake, na namna alivyotua kidogo kabla ya kufika penye kichekesho. Hatem alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kisahani. Jackie alikuja na kitambaa, akabaki amesimama. Wahindi wawili waliachana na kriketi, ingawa Kiswahili hawakukijua.

Yule bwana mwenye mvi aliinuka, akaja na glasi yake mkononi.

"Niwie radhi," alisema. "Lile jina, uliniambia nani?"

"Clifford."

"Kwa Clifford, basi." Akainua glasi, akanywa, akarudi kwenye meza yake ya pembeni. Edith alinywa naye. Alitamani amwambie sogea hapa, ukae, lakini hakujua kama inafaa, na alipokata shauri yule bwana alikuwa ameshainamia gazeti.

Hatem alimsindikiza mpaka barabarani akamsimamishia teksi. "Ukipita karibu, ingia unisalimie," alisema. "Si lazima awe kafa mtu."

"Asante, kaka. Mama yako anaendeleaje?"

Hatem alitabasamu kidogo. "Kashafariki. Bwana Clifford alijua. Akiuliza tu, mazoea."

Chumba cha Wadi Kabir kilikuwa kitupu. Wasichana walikuwa kazini, vitanda vyao vimetandikwa. Chini, karakana zilikuwa zikifungwa, na mabati ya milango yakishushwa kwa kishindo, moja baada ya jingine. Edith alivua viatu akakaa kitandani bila kuwasha taa. Mdomoni alikuwa bado na ule uchachu. Alitafuta mtu wa kumweleza siku yake, akapitia majina kwenye simu, yale ya kanisani, ya hospitali, ya watu aliosalimiana nao, mpaka mwisho, akarudi juu. Kisha akampigia mama yake.

"Edi! Habari za huko?" Nyuma ya sauti ya mama kuku walikuwa wakigombania kitu. "Uko na wale marafiki zako?"

Kwani alikuwa akimwambia hivyo kila wiki: tuko wengi, mama, tumetoka kula, tunacheka tu. Ili mzazi alale vizuri. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi.

"Hapana, mama," alisema. "Niko peke yangu. Hao marafiki hawako. Hawajawahi kuwako."

Edith alimsikia mama akiwafukuza kuku, akasikia mguu wa kiti ukiburutwa juu ya sakafu.

"Haya," mama akasema. "Nimeketi. Niambie."